Tunauziwa inchi na kava zuri, sponji hakuna: wenye maduka ya magodoro tuambieni densiti na kilo

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kabla ya Ramadhani nilipokea hela ya mchezo, nikasema safari hii inaishia kwenye godoro. La zamani lilikuwa limechoka. Mume wangu anaendesha daladala, akirudi usiku mgongo haumpi nafasi, na mimi nashinda nimesimama saluni. Bajeti ilikuwa laki mbili na nusu, isizidi hapo. Nikaenda Kariakoo, nikazunguka, kila duka nauliza swali lile lile: sponji hii densiti ngapi?

"Dada, hii ni hai densiti."

Ngapi?

"Hai densiti yenyewe, orijino."

Nataka namba kaka, ishirini, ishirini na nne, thelathini?

"Dada yangu, bonyeza mwenyewe uone."

Hakuna aliyenipa namba. Nikapindua magodoro nisome lebo: jina, ukubwa, picha ya uti wa mgongo, nembo. Namba ya densiti haipo. Mwisho nikachukua la 5x6 inchi 8 kwa laki mbili na thelathini, baada ya muuzaji kuniahidi mbele ya mume wangu kwamba waranti ni miaka mitano na ndani ni "sponji moja nzima, haina kiungo". Maneno hayo nayakumbuka kwa sababu ndiyo yaliyonitoa hela mkononi.

Idi ya kuchinja imefika, godoro lina bonde. Upande wa mume wangu umezama mpaka anazisikia chaga.

Tumelipakia kwenye guta tukalirudisha. Dukani wakaanza: chaga zenu zimeachana. Nikawaonyesha picha za kitanda, chaga zimebanana, kiganja hakipiti katikati. Basi mmelilalia upande mmoja. Tunaligeuza kaka, kichwa miguuni, juu chini. Nailoni mmetoa? Ndiyo tumetoa, nani analala juu ya nailoni kwa joto la Dar es Salaam, jasho lote linabaki ndani godoro linaota ukungu? "Basi waranti imekufa dada, ukitoa nailoni kiwanda hakipokei." Hilo la nailoni siku ya kununua halikutajwa kabisa. Akamalizia kwa kunielekeza kidole chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Jina la duka nalihifadhi kwa sasa. Ninachotaka mjue ni nilichokikuta ndani.

Kava halina zipu, limeshonwa pande zote. Nikachukua wembe nikafumua mshono. Juu kuna sponji nyeupe safi ya inchi mbili hivi, chini hivyo hivyo. Katikati, pale ambapo mtu ndipo analemea, ni vipande: vya njano, vya bluu, vya pinki, vimegandishwa kwa gundi, vingine vimeshaachia. Hiyo ndiyo sponji moja nzima. Nikachukua tepu ya fundi cherehani nikapima unene bila kava: inchi sita na nusu. Kumbe inchi nane niliyolipia inahesabu kitambaa na ule uchafu wa pamba ulioshonewa juu na chini ili mtu akigusa aone limejaa.

Nikaenda kwa fundi makochi Keko nikiwa na kipande mkononi, maana wale wananunua sponji kila wiki. Yeye ndiye aliyenifumbua macho, na haya aliyonieleza nayaweka hapa kwa kirefu kwa sababu wauzaji hawatawaambia.

Densiti ni uzito, basi. Ukisema densiti 24, maana yake sponji hiyo ukiipata ya mita moja kwa mita moja kwa mita moja, mzani utasoma kilo 24. Ya 16 utapata kilo 16. Sponji zote mbili kwa macho ni sawa, unene ni sawa, rangi unaweza kuitia yoyote. Tofauti ni kiasi cha mali, yaani malighafi, kilichomo, kingine chote ni hewa. Kiwandani mali ni gharama, hewa ni bure. Ndiyo maana tunaambiwa inchi kwa sauti kubwa na densiti inamezwa.

Na kule kubonyeza ngumi wanakotuambia ni kutuzuga. Ngumi inapima ugumu, na ugumu si densiti. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu, ukiibonyeza dukani inakusukuma mkono vizuri kabisa. Ukiilalia kila usiku, na joto na unyevu wa pwani, inalegea mapema, haisimami tena. Sponji yenye mali inaweza kuwa laini ukaidharau dukani, na ndiyo itakayokaa miaka. Kwa hiyo wanapokwambia "bonyeza mwenyewe" wanakupeleka kwenye kipimo ambacho hakiwezi kuwaumbua.

Kipimo kinachowaumbua ni mizani. Hesabu hii kila mtu anaiweza. Godoro la 5x6 inchi 8 ni kama mita 0.57 za ujazo. Kwa densiti 16 sponji yake itakuwa kilo 9 hivi. Kwa densiti 24 ni kilo 13 na nusu. Kwa densiti 30 ni kilo 17. La 6x6 inchi 8 kwa densiti 24 linapaswa kuwa na kilo 16 na kidogo, na la 4x6 inchi 6 kilo 8 na kidogo. Hapo kava bado. La kwangu nimelipeleka kwa muuza mchele mwenye mizani ya kuning'iniza: pamoja na kava lake halikufika kilo kumi. Laki mbili na thelathini! Mume wangu peke yake ana kilo themanini na tano, analalia hewa iliyofungwa kitambaa cha maua.

Fundi alinipa na tahadhari, naiweka msije mkapigwa kwa njia nyingine. Kuna sponji inayoongezwa unga wa chokaa wakati wa kutengeneza, inapanda uzito bila kupanda ubora. Na yale magodoro mazito magumu yanayouzwa kwa jina la "ortho", yenye alama ya msalaba kama vile yametoka hospitali, mengi ndani ni mabaki ya sponji yaliyosagwa na kugandishwa. Yale ni mazito sana na yana watu wake, mwenye kutaka pagumu atafurahi, mimi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuuziwa mabaki kwa bei na jina la sponji mpya, halafu kuambiwa ni maagizo ya daktari. Kwa hiyo pima kilo, na fungua zipu uone kwa macho. Lisilo na zipu mimi sinunui tena, hata wanipunguzie nusu.

Ndugu zetu wa Nairobi na Mombasa dukani wana majina: midiamu, hai densiti, hevi dyuti. Angalau wanaanza na neno. Lakini neno bila namba mtu anaweza kubandika kwenye godoro lolote, na huku kwetu ndivyo linavyobandikwa.

Kinachoniuma zaidi ni watoto wa bweni. Mwenye mtoto aliyefaulu anaijua fomu ya kujiunga: ndoo, shuka, neti, godoro la futi mbili na nusu kwa sita. Januari kwa kidato cha kwanza, Julai kwa kidato cha tano, wazazi wote wanaingia sokoni wiki moja, wamechanganyikiwa na orodha, hela imehesabiwa mpaka ya nauli. Ndipo yale ya inchi nne yanapotolewa stoo kwa wingi, mepesi, mtoto wa darasa la pili analibeba kwa mkono mmoja. Mzazi anaona ni rahisi kusafirisha kwenye basi, anafurahi. Mtoto analala juu ya mbao au vyuma vya kitanda cha deka, anatakiwa alimalize kidato cha nne juu ya hicho kitu. Mdogo wangu alipofika kidato cha pili alikuwa analalia mablanketi mawili juu ya godoro ili asiumie mbavu. Mzazi wetu angekuwa na namba moja tu kwenye lebo angechagua vizuri zaidi. Maskini ndiye anayehitaji namba kuliko mtu yeyote, maana hana hela ya kununua mara ya pili.

Sasa nawageukia wenye mamlaka. TBS, Shirika la Viwango, ipo, na nembo yake iko kwenye lebo ya godoro langu. Kama nembo ni halali, nani alikagua vile vipande vya rangi? Kama ni ya kughushi, FCC, Tume ya Ushindani, wako wapi, wakati bidhaa bandia ni kazi yao na maduka yapo katikati ya Kariakoo, hayajafichwa? Wakala wa Vipimo wanapita kukagua mizani ya wauza nyama na pampu za mafuta, wapite na tepu kwenye magodoro. Inchi ni kipimo. Ukiniuzia inchi nane ukanipa sita na nusu, umenipunja kama aliyenipunja nyama.

Na wale mnaosema "si risiti imeandikwa hairudishwi, uvumilie", someni. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Mstari uliopigwa chapa chini ya risiti na mwenye duka haufuti sheria. Mimi nimeambiwa sponji moja nzima nikapewa vipande, nimeambiwa inchi nane nikapewa sita na nusu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo, niliidai pale pale ingawa walitaka kunipunguzia elfu kumi nisiichukue. Nanyi msikubali huo mtego, bila risiti huna pa kuanzia.

Ninachodai ni kidogo. Lebo iandike densiti kwa namba, kilo za sponji, unene wa sponji bila kava, na kama ndani ni sponji nzima au ni vipande. Kila godoro liwe na zipu. Masharti ya waranti yaandikwe na mnunuzi apewe kabla hajalipa. Viwanda vinavyofanya kazi kwa haki vitafaidika, kwa sababu leo godoro zuri na bovu yanakaa rafu moja kwa jina moja, na lile bovu linashinda kwa bei.

Kipande cha sponji, lebo, risiti na video ya wakati nafumua nimeviweka pamoja, Jumatatu navipeleka FCC. Aliyewahi kufungua malalamiko pale kwa kitu cha bei ndogo kama hii anielekeze alianzia dirisha gani na alijibiwa baada ya muda gani.

Na wote mliomo humu, mwenye godoro ambalo bado halijachakaa na mizani jirani, alipime aweke hapa: ukubwa, inchi alizoambiwa, inchi alizopima mwenyewe bila kava, kilo, bei na mwaka alionunua. Jina la duka msiweke kama hamna risiti. La kwangu naanza nalo: 5x6, niliambiwa 8, nimepima 6 na nusu, chini ya kilo 10 na kava, 230,000, mwaka huu.