Nyumba ya matofali ya kuchoma: nipige lipu upande wa mbele au niache matofali yaonekane?

Mkulima wa Nachingwea

Ndugu zangu, salaam. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Nachingwea, ambayo niliijenga kidogo kidogo kwa fedha za korosho, na ambayo mpaka leo haijapigwa lipu nje kwa sababu fedha iliishia kwenye bati na madirisha. Upande wa mbele unatazama barabara. Matofali yenyewe si mabaya, lakini udongo wa viungo kati ya tofali na tofali umelika, chini ya madirisha kuna michirizi, na kuanzia msingi hadi kimo cha goti ukuta ulipakwa rangi nyeusi ya mafuta ambayo sasa inabanduka kwa magamba, na nyuma yake unatokea unga mweupe kama chumvi. Mama watoto anasema nyumba yetu inafanana na ghala la chama cha msingi cha ushirika, na kwa kweli siwezi kumbishia. Fundi mmoja amenishauri nipige lipu ukuta wote wa mbele. Mwingine anasema nipake rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya matofali. Nilicho nacho kinatosha kazi moja tu kabla ya mvua kuanza. Nianze na ipi ili nyumba ipendeze machoni pa mpita njia?

Fundi Mwashi, Masasi

Ndugu Mkulima, huo unga mweupe ndio umekwisha kukujibu. Ni chumvi iliyomo ardhini na ndani ya matofali. Maji huiyeyusha, huipandisha ukutani, na ukuta unapokauka maji huondoka, chumvi ikabaki usoni. Rangi ya mafuta haipitishi unyevu, kwa hiyo chumvi ikikosa njia huisukuma rangi mpaka ikabanduka. Ukipaka ukuta mzima rangi hiyo, magamba uliyo nayo sasa kwenye kimo cha goti utayaona hadi kwenye linta, yaani boriti ya juu ya madirisha.

Kwanza kwangua rangi iliyolegea, kisha usugue chumvi kwa brashi ngumu ukuta ukiwa mkavu, kwa sababu ukiiosha kwa maji itarudi ndani na utaiona tena baada ya wiki chache. Brashi ya waya usiitumie, maana itaondoa ngozi ya tofali iliyoiva motoni, na tofali lisilo na ngozi hunywa maji kama mchanga.

Halafu viungo. Hapo ndipo uzuri wa ukuta wa matofali ulipo, ingawa wengi hudhani uko kwenye tofali. Chokonoa udongo uliolegea hadi kina cha sentimita mbili hivi, lowesha, kisha ujaze mchanganyiko wa saruji ndoo moja, chokaa ndoo moja na mchanga ndoo sita. Msikubali saruji nyingi kwa kudhani ndiyo uimara: kiungo kikiwa kigumu kuliko tofali, maji yatatokea kupitia tofali, na tofali ndilo litakalomomonyoka. Unyunyizie maji siku kadhaa ili kiungo kisikauke upesi na kupasuka. Kazi hii ni ya subira na fundi mwenye haraka ataichafua. Akipaka udongo kwenye uso wa matofali, mwambie aufute pale pale kabla haujashika.

Mkazi wa Lindi mjini

Naheshimu kauli ya fundi, lakini matofali yetu mengi huchomwa kienyeji kwa kuni, na yale yaliyokaa pembezoni mwa tanuru hutoka mabichi. Nimeshuhudia ukuta usio na lipu ukiliwa na mvua misimu mitatu tu. Kwa nyumba ya namna hiyo, lipu ni kinga kabla haijawa pambo.

Fundi Mwashi, Masasi

Ni kweli kabisa, na nilipaswa kulitaja hilo. Ndugu Mkulima, chukua msumari ukwaruze matofali kadhaa, hasa ya pembeni na ya chini. Likitoka unga kwa urahisi, tofali hilo ni bichi. Yakiwa machache, yang'oe uweke mengine. Yakiwa ni nusu ya ukuta, basi piga lipu, nayo iwe na chokaa.

Binti Mikindani

Shikamoo mzee wetu Mkulima. Mimi si fundi, ila nimekulia kati ya nyumba za mawe ya matumbawe zilizosilibwa kwa chokaa, na Boma letu, jengo la zamani la utawala wa Kijerumani lililojengwa mwaka 1895, linapendeza kwa weupe huo huo. Chokaa huuacha ukuta upumue. Hata hivyo nisingekushauri uipake juu ya matofali yote, kwa sababu kuitoa baadaye ni kazi kubwa, na wekundu wa tofali ni rangi ambayo tayari umekwisha kuilipia. Paka nyeupe fremu za madirisha tu. Mlango ukiwa wa mninga, upige msasa na vanishi. Wengi huufunika kwa rangi ya kahawia, jambo ambalo hunisikitisha sana.

Tena ukiweza, jenga baraza mbele. Nyumba isiyo na mahali pa mgeni kukaa nje huonekana kama imefungwa hata mlango ukiwa wazi.

Mkulima wa Nachingwea

Marahaba binti yangu, nanyi nyote ahsanteni. Nimepita na msumari leo asubuhi: matofali mabichi ni tisa, yote karibu na kona ambako maji ya bati hudondokea. Nitayabadilisha, nitajaza viungo, na lipu nitaiacha. Baraza itasubiri malipo ya korosho. Swali moja limebaki: je, ile sehemu ya chini nipake nini badala ya rangi nyeusi, maana udongo wetu mwekundu hurukia pale kila mvua inaponyesha?

Fundi Mwashi, Masasi

Usipake kitu. Mwaga zege pembeni mwa msingi, upana wa mita moja, lenye mteremko wa kupeleka maji mbali na ukuta, na hiyo kona uiwekee gata la kukinga maji ya bati. Bustani ya mama watoto ianzie nje ya zege hilo. Maua yakipandwa yakiugusa ukuta, kila mnapoyamwagilia mtakuwa mnaumwagilia ukuta pia.