Texas maduka ya pombe kali kufungwa Jumapili, hii sheria ni ya kanisa au?

Mgeni Texas: Wakuu salama? Jana Jumapili nina wageni nyumbani, nikatoka kufata wiski, nakuta duka lina kufuli na paking haina hata gari moja. Nikazama supamaketi angalau nichukue waini, keshia kapitisha chupa mashine ikagoma, kaninyooshea kidole saa ya ukutani, saa tatu na dakika hamsini, eti nisubiri saa nne ifike. Nikasimama pale na chupa yangu dakika kumi kama mtoto aliyepoteza chenji. Hivi hawa wachungaji ndio wanaendesha serikali huku au?

Babu Kalenda: Pole mkuu. Bia na waini Jumapili ni kuanzia saa nne asubuhi, na ushukuru maana kabla ya Septemba 2021 ungengoja mpaka saa sita mchana. Pombe kali ndio hupati kabisa, Jumamosi wanafunga saa tatu usiku mpaka Jumatatu. Halafu Krismasi ikiangukia Jumapili na Jumatatu yake wanafunga pia, 2022 ilitukuta hiyo, aisee watu walikuwa wanapigiana simu kuulizana nani ana akiba kabatini.

Mtu wa Katiba: Ilianza na dini ndio, ila mahakama kuu ya Marekani ilishaamua 1961, kesi ya McGowan v. Maryland, kwamba serikali inaweza kuweka siku ya mapumziko hata kama asili yake ni kanisani. Na kwenye pombe majimbo yana nguvu zaidi, yale marekebisho ya 21 ya katiba ya mwaka 1933 yaliyofuta marufuku ya pombe nchi nzima ndio hayohayo yaliyoyaachia majimbo yajipangie, nayo mengine yakazitupia kaunti. Ndio unakuta Lynchburg, Tennessee, kwenye kiwanda cha wiski ya Jack Daniel's, kwa miaka mingi imekuwa kaunti kavu, yaani isiyoruhusu kuuza pombe.

Kaunta: Mnawasingizia wachungaji bure. Mimi nauza duka la pombe kali, na bosi wangu akisikia habari ya kufungua Jumapili anakuwa mkali kuliko askofu. Mteja wa Jumapili ni yuleyule ambaye angenunua Jumamosi, chupa ileile, ila mshahara na umeme vya siku ya saba analipa bosi. Na hawezi kufunga peke yake, jirani akifungua anambebea wateja, kwahiyo sheria ikiwafungia wote kila mtu analala usingizi wake. Cheki na magari, sheria ya zamani ya Texas ilikuwa na orodha ya vitu 42, hadi vyombo vya jikoni, huruhusiwi kuuza Jumamosi na Jumapili zote mbili, ikafutwa 1985 lakini wauza magari mpaka leo lazima wafunge siku moja kati ya hizo. Kuna aya gani inakataza pikapu?

Mgeni Texas: Hahaha nimekoma. Ila mbona supamaketi wao wanauza waini?

Kaunta: Supamaketi Jumapili iko wazi tu hata usiponunua pombe, gharama ya ziada hana. Na wiski haruhusiwi kuuza siku yoyote ile, hapo ndipo bosi wangu anapoponea.

Babu Kalenda: Kwahiyo mgeni, Jumamosi kabla ya saa tatu usiku. Ukichelewa wageni wanywe chai.