Mmeandika "familia mnakaribishwa", tukija mnatununia. Kama watoto hamuwataki si mseme?

Wakuu, naandika hii shati likiwa bado na doa la supu, kwa hiyo mnivumilie lugha ikiwa kali.

Jana tulitoka kula. Mimi, mama watoto, binti yetu wa miaka 5 na mdogo wake wa miezi 11. Mgahawa siutaji, maana nikiutaja watakuja watetezi wao na uzi utageuka vita. Mlangoni pana bango kubwa: baba, mama na watoto wawili wanacheka mpaka magego yanaonekana. Chini limeandikwa "Familia mnakaribishwa". Nikasema haya, hapa ndipo.

Tumeingia, meza za dirishani mbili ziko tupu, na katikati zipo nyingine. Dada wa mapokezi akatutazama, akamtazama mtoto niliyembeba, akatupeleka mpaka kona ya mwisho, meza iliyobanana na mlango wa choo. Nikamuuliza, dada, na zile za dirishani? "Zina watu." Tumekaa saa moja na nusu pale. Hao watu hawakutokea.

Nikaomba kiti cha mtoto. Wakuu, kile kiti! Trei yake ina ukoko wa chakula cha mtoto mwingine, umekauka mpaka nilikuwa naukwangua kwa ukucha. Mkanda nao kifungio kimevunjika, wameunga kwa fundo la kamba ya mfuko. Ule ukanda unaopita katikati ya miguu ndio haupo kabisa. Mwenye mtoto wa umri huu anaelewa: kila akipata pa kushika, anasimama. Bila ule ukanda, ama ateleze chini ya trei, ama ainuke atangulize kichwa sakafuni. Namweleza kaka mhudumu, ananijibu, "Wengine huwa wanamshika tu." Basi nikamshika. Nimekula kwa mkono mmoja kama nimevunjika.

Sasa chakula. Nilisema mapema kabisa: kaka, cha binti kitangulie, sisi wakubwa tutasubiri. Akaitikia vizuri tu. Kikaja cha mama watoto, kikaja changu. Cha mtoto kimefika dakika 50 baadaye, ameshalia, amelala juu ya meza, ameamka, hakitaki tena. Hivi jikoni kuna shida gani kutanguliza kisahani kimoja? Mtoto mwenye njaa humwambii avute subira.

Na supu yangu je? Inafuka moshi, imeletwa ikawekwa ukingoni mwa meza, usawa wa mkono wa mtoto anayevuta kila kitu. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko yetu, inaungua haraka na inaungua ndani zaidi. Hata kikombe cha chai kilichokaa dakika 15 bado kinaweza kumuunguza. Nimeisukuma kwa kiwiko, ikanimwagikia mimi. Heri mimi.

Mama watoto akatoa kikopo cha chakula cha mdogo, chakula laini alichokiponda nyumbani. Kaka huyo huyo mbio: "Samahani mama, vyakula vya nje haviruhusiwi." Nikaomba menyu ya watoto. Vitu vinne, vyote vya kukaanga. Mtoto mwenye meno mawili! Akishatimiza miezi 6 anahitaji chakula zaidi ya maziwa, sasa kwenye menyu yenu yeye ale kipi? Nikasema basi tuuzieni nusu sahani ya mboga na samaki, binti anakula. "Nusu hatuuzi." Sijui nani aliamua kwamba mtoto akitoka nyumbani hana ulimi, ni chumvi na mafuta tu.

Likafuata la nepi, na ilikuwa zamu yangu. Meza ya kubadilishia ipo, ila choo cha wanawake. Kwa wanaume hakuna. Nimembadilisha nimepiga magoti, mtoto juu ya kifuniko cha choo, mkono mmoja kifuani pake asianguke. Marekani mwaka 2016 walitunga sheria kwamba vyoo vya umma kwenye majengo ya serikali kuu viwe na meza hizo, vya wanaume na vya wanawake. Najua haigusi migahawa, lakini angalau kuna mtu alikumbuka kwamba akina baba nao wana watoto.

Narudi mezani, namkuta meneja. Binti kamwaga glasi ya maji, na mama yake keshafuta. "Baba, wateja wanalalamikia kelele." Meza ya pili yake wanaume watano wanaangalia mpira kwenye simu, sauti mpaka mwisho, wanapiga meza kila shuti. Hao hakuna aliyewagusa.

Kabla hamjanirukia: wapo wazazi wanaoachia watoto wakimbizane kati ya wahudumu waliobeba vitu vya moto. Hao wamekosea, na wangu angefanya hivyo ningemkalisha mwenyewe. Wala wahudumu siwalaumu sana, vile viti hawakununua wao. Namlaumu mwenye mali. Anayesema wazi mlangoni kwamba kwake ni watu wazima tu, namheshimu, napita zangu. Ila wewe unayetundika picha ya watoto ili nilipe bili ya watu wanne, halafu mkanda wa kiti unakushinda?

Tunatoka, binti kasimama chini ya lile bango, anawaangalia wale watoto wa pichani. "Baba, hawa waliwakalisha wapi?"

Sikuwa na jibu. Wenye migahawa mliomo humu, mjibuni.