Bafu la miaka ya 90 Njiro, Arusha: kipi kimepitwa na wakati kitoke, kipi kibaki?

MkaziWaNjiro
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kabla fundi hajashika nyundo. Bafu la masta lina mita 2.4 kwa 1.9. Choo, sinki la kunawia na jakuzi la kona vyote ni vya pinki. Ukutani kuna marumaru za sentimita 15 kwa 15 zenye mkanda wa maua, zimeishia mita 1.5, juu yake ni rangi ya mafuta. Dari ni jipsamu, kona zake zina madoa meusi. Maji yanatoka simtanki la lita 1,000, mnara wa mita 3. Shawa ni ya umeme. Nyumba itapangishwa. Nimeonyeshwa picha za shawa ya mvua, marumaru nyeusi za kung'aa za 60 kwa 60 mpaka sakafuni, na bakuli la kioo la kunawia. Je, vitadumu, au baada ya miaka mitano vitakuwa kama pinki hii?

BombaSakina
Mkuu, anza na maji, picha baadaye. Kitako cha tanki kiko mita 3, kichwa cha shawa kiko mita 2.1 hivi. Tanki likijaa una mita 2 za maji juu ya shawa, likikaribia kuisha haifiki hata mita 1. Hiyo ni presha ya bar 0.1 hadi 0.2. Shawa ya mvua ya sentimita 25 au 30 inataka karibu bar 1, yaani maji yawe juu yake kama mita 10. Ukiifunga hivyo hivyo, maji yatadondoka katikati tu na pembeni patakuwa pakavu. Ama weka pampu ndogo ya kuongeza presha, inayojiwasha maji yakipita, ama baki na kichwa cha kawaida cha sentimita 10. Kwa nyumba ya kupangisha naona kichwa cha kawaida kinatosha, kwa sababu pampu ikifa mpangaji anakosa shawa.

Jakuzi la kona litoke bila huruma. Linameza zaidi ya lita 200 kwa kuoga mara moja, moja ya tano ya tanki lako, na hita ya lita 50 hailipashi moto. Hicho ndicho kilichoyaondoa kwenye nyumba nyingi za huku, si fasheni tu. Chini yake pia hapafikiki. Siphoni (bomba lililopinda chini ya tundu) ikivuja, unajua pale ukuta wa chumba cha pili unapoanza kufura.

MsanifuMoshi
Naunga mkono, ila mimi kilio changu ni sakafu. Marumaru ya 60 kwa 60 haikubali mteremko wa eneo la shawa. Maji yanataka kushuka sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na tundu likiwa katikati sakafu lazima iteremke kutoka pande nne. Kipande kikubwa hakipindi, kwa hiyo fundi atakikata mshazari au atakilaza bapa, na maji yatasimama. Eneo la shawa weka vipande vya 10 kwa 10 au mozaiki, visivyong'aa. Ukiyataka sana makubwa, hamishia tundu ukutani, liwe refu kama mfereji, ili sakafu iteremke upande mmoja tu. Nyeusi ya kung'aa inateleza ikiwa na sabuni, na kila tone likikauka linaacha alama nyeupe. Ukutani pandisha marumaru za rangi tulivu ya mchanga au kijivu mpaka mita 2.1 eneo la shawa. Mkanda wa maua usirudi kwa sura yoyote, hata ule mpya wa vioo vidogo. Ndio unaotaja mwaka wa bafu kabla ya kitu kingine.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi wanaruka. Ukibomoa, usibandike marumaru juu ya plasta tupu. Paka dawa ya kuzuia maji mikono miwili, wa pili uvuke wa kwanza kwa msalaba, ipande ukutani sentimita 20 pande zote na mita 2 penye shawa. Kona zote weka utepe wa nyavu katikati ya mikono hiyo. Ziba tundu, jaza maji sentimita 3, acha saa 24, kisha kagua upande wa pili wa ukuta. Marumaru za posileni hazinyonyi maji, kwa hiyo simenti ya kawaida haizishiki. Tumia gundi ya mfuko, ipakwe kwa mwiko wa meno sakafu nzima. Ikiwekwa madonge matano kama ilivyozoeleka, chini panabaki mashimo, maji yanakaa humo na marumaru inalia ukiigonga. Kati ya kipande na kipande acha milimita 2 au 3, na grauti (kijazio cha mianya hiyo) iwe ya kijivu. Simenti nyeupe iliyokuwa ikijazwa zamani inageuka kahawia karibu na tundu.

UmemeKijenge
Hiyo shawa ya umeme hamjaigusa. Ya wati 5,500 inavuta ampea 25 hivi. Kama imeungwa kwenye waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5, waya unapikika ndani ya ukuta. Ipewe laini yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 4, au 6 ikiwa mbali, breka ya ampea 32, kinga ya uvujaji wa umeme ya miliampea 30 na ethi (waya wa kwenda ardhini) ya kweli. Swichi iwe nje ya mlango. Hita ya maji ya sola ni nzuri, ila Juni na Julai mawingu ya Mlima Meru yanakaa siku nzima, hivyo chagua yenye hita ya umeme ndani ya tanki lake.

MkaziWaNjiro
Shukrani sana wakuu. Choo na sinki la pinki je? Na bakuli la kioo?

BombaSakina
Bakuli la kioo achana nalo. Kimo cha ukingo kiwe sentimita 85. Bakuli la sentimita 15 linataka meza ya 70, na mafundi huweka meza ya 85, mtoto hafikii. Choo: pima kutoka ukuta uliokwisha marumaru hadi katikati ya bomba la sakafuni. Vingi dukani vinataka sentimita 30. Ukiongeza marumaru juu ya za zamani, ukuta unasogea sentimita 1 na zaidi, flashi inagoma kukaa. Pima tena baada ya ukuta kukamilika, ndipo ununue.

MsanifuMoshi
Mimi pinki nzima isiyo na ufa ningeibakiza, dukani hupati tena seti kamili. Ukuta ukiwa mtulivu inapendeza. Ila flashi za zamani zinamwaga lita 9, badili mtambo wa ndani. Dari toa jipsamu, weka PVC (plastiki), na feni ya inchi 6 itoe mvuke nje ya ukuta, isiuache juu ya dari.