Hivi huyu mshauri wa terminali kalelewa wapi?

Wakuu, nina hasira hadi kibodi inatetemeka. Namtaja: command-not-found, yule anayejifanya mzee wa mlangoni kwenye Linux: ukikosea amri au ukaita programu usiyonayo, anadakia, "Haipo, ipate kwa sudo apt install." Kazi yake ni hiyo moja tu duniani.

Leo nimemketisha dogo wa field pembeni, namwonyesha ujuzi. Nikaandika htop, programu ya kuonyesha kinachoendelea ndani ya kompyuta. Sina htop, sawa. Nikamwambia, "Tulia, sasa hivi tunaelekezwa."

AKAANGUKA YEYE.

Ikamwagika mistari mirefu kama hotuba ya mgeni rasmi, eti samahani, nimeanguka, ripoti hitilafu. Chini yake: No module named 'apt_pkg'. Yaani mtaja vinavyokosekana, naye kakosa kitu! Dogo akauliza, "Kwa hiyo bro, hiyo ndiyo htop?"

Nimeita htop, KAANGUKA YEYE. Nikaandika sl makusudi badala ya ls, amri ya kuorodhesha faili. Kaanguka tena. Dogo kaenda kunywa chai, hajarudi.

#2 Bati Bovu: Mkuu, python3, lugha inayomwendesha huyo mshauri, hujaigusa juzijuzi? Sema ukweli.

#3 Mleta uzi: Jana niliielekeza kwenye toleo jipya kwa update-alternatives. Inahusu nini?

#4 Bati Bovu: 😂😂 Hiyo apt_pkg, moduli anayoitegemea mshauri wako, imeundwa kwa python3 iliyokuja na mfumo. Rudisha ya zamani, mpya ikae kwenye venv, chumba chake cha pembeni. Umeng'oa ngazi mwenyewe halafu unamlaumu aliyeanguka.

#5 Kitumbua Moto: Dogo alishaona mapema, ndiyo maana kakimbia.

#6 Mzee wa Bando: Afadhali wako anaanguka kwa kelele. Wangu nimemsakinisha, lakini nikikosea amri, yeye kimya, hapendekezi chochote.

#7 Bati Bovu: Piga sudo apt update, orodha yake ya programu bado tupu.

#8 Chogo: Mimi aliniambia nisakinishe hiyo sl. Nikatii. Kumbe ni programu ya mzaha: treni ya kuchorwa ikakatiza skrini nzima, napiga Ctrl+C haisikii, bosi kasimama nyuma yangu.

#9 Kitumbua Moto: Treni yako ilifika. Printa ya ofisini kwetu imemeza barua ya likizo yangu tangu Jumatatu.

#10 Mzee wa Bando: Printa msinikumbushe!!

#11 Mleta uzi: Jamani, htop je?

#12 Chogo: Wenye printa zinazomeza karatasi mbilimbili tujuane.