Mtoto amechaguliwa vyuo vitatu vya Dar es Salaam: Mlimani, DIT au Ardhi? Naomba ushauri

Mama wa Ng'ambo ya Pantoni

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima.

Kijana wangu wa kwanza amemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCM, na Mungu amemjalia daraja la kwanza la pointi 8: Hesabu B, Fizikia C na Kemia C. Aliomba vyuo vitatu, vyote vya hapahapa jijini, na vyote vitatu vimemchagua katika awamu ya kwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kimempa Uhandisi Ujenzi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, yaani DIT, nayo imempa Uhandisi Ujenzi. Na Chuo Kikuu Ardhi kimempa Ubunifu Majengo. Sasa mfumo unamtaka athibitishe chuo kimoja tu kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yake, na siku zilizobaki ni chache.

Mtoto mwenyewe nikimuuliza ananijibu, "Popote mama, wewe unaonaje?" Jibu hilo linanitisha kuliko angekuwa mbishi. Ni mpole, hapendi kuuliza swali mbele ya watu wengi, lakini ukimpa kitu kilichoharibika na bisibisi hutamsikia mpaka jioni. Kuchora anapenda pia. Madaftari yake ya sekondari yalijaa nyumba pembezoni mwa kurasa.

Nakiri kwamba moyo wangu uko Mlimani. Marehemu baba yake alisoma pale, na nilipokuwa binti niliitazama picha ya Ukumbi wa Nkrumah kwenye noti ya shilingi 500 kana kwamba ni mlango wa peponi. Lakini najua hayo ni yangu, si ya mtoto, na ndiyo maana nimekuja kwenu. Tunaishi Kigamboni, na sina uwezo wa kumpangia chumba cha pekee mjini. Ama apate hosteli ya chuo, ama avuke pantoni kila siku. Kwa mtoto wa namna hii, ni chuo kipi kitamfaa zaidi?

Mzee wa Ramani

Mama, hongera kwa malezi, na pole kwa uamuzi huu, maana shida ya kuchagua kati ya vitu vizuri wengi hawaihesabu kuwa shida.

Mimi ni mhandisi wa miaka mingi, kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo wazazi wengi hulikosea. Unavilinganisha vyuo vitatu, lakini kwa hakika mbele yako kuna fani mbili. Mlimani atapata Shahada ya Sayansi katika Uhandisi Ujenzi, DIT atapata Shahada ya Uhandisi katika fani hiyohiyo. Zote mbili ni za miaka minne, na mhitimu wa upande wowote huenda Bodi ya Usajili wa Wahandisi kujisajili kama mhandisi mhitimu. Kutoka hapo kuna mpango wa bodi wa kumlea kazini chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu, kisha ndipo aombe usajili kamili. Bodi haina daftari moja la watoto wa Mlimani na jingine la watoto wa DIT.

Ardhi ni habari nyingine kabisa. Mbunifu majengo husajiliwa na bodi tofauti, ile ya Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na maisha yake ya kazi ni tofauti na ya mhandisi tangu asubuhi hadi jioni. Mbunifu hushinda na swali la namna watu watakavyoingia, watakavyopata mwanga na upepo, na jengo litakavyosimama machoni pa mpita njia. Mhandisi hushinda na swali la kama litasimama. Kuchora nyumba pembezoni mwa daftari hakumfanyi mtoto kuwa mbunifu, mama. Hata mimi nilizichora. Mtazame anapoiona nyumba inayojengwa: anatazama sura yake, au anauliza nondo zile ni za nini? Akiwa wa sura, ni Ardhi; akiwa wa nondo, utabaki na vyuo viwili, na hapo maswali mengine ndiyo yatapata maana.

Binti wa Kilimani

Nimehitimu uhandisi Mlimani miaka michache iliyopita, kwa hiyo naomba niseme yale ninayoyajua kwa kuyaishi.

Mwaka wa kwanza kuna kozi ambazo wanafunzi wa programu kadhaa za uhandisi husoma kwa pamoja katika kumbi kubwa, na mtoto mpole anaweza kukaa muhula mzima bila mhadhiri kulijua jina lake. Hilo silisemi kama lawama. Chuo Kikuu kikubwa ndivyo kilivyo, na wapo wanaostawi humo kwa sababu hakuna anayewasukuma. Kilichoniokoa mimi kilikuwa kikundi cha watu watano tuliokuwa tukikokotoa maswali ya mitihani iliyopita kila Jumatano na Jumamosi. Mwanao akiwa mtu wa kutafuta kikundi, Mlimani ni bahari ya neema: kuna maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018, yenye nafasi za watu 2,100 kukaa kwa wakati mmoja, na karibu nawe kuna watu wa sheria, siasa, lugha na jiolojia, hata chakula cha mchana kinakuwa darasa. Akiwa mtu wa kusubiri kufuatwa, atasubiri sana, na semista ya kwanza haimsubiri mtu. Waliodisko darasani kwetu, yaani walioondolewa chuo kwa kufeli, hawakuwa wajinga hata mmoja.

Kuhusu malazi, mabweni yaliyofunguliwa mwaka 2017 yaliongeza nafasi 3,840, lakini waombaji daima ni wengi kuliko vitanda, kwa hiyo usipange bajeti yako kana kwamba hosteli ameshaipata. Kutoka Kigamboni, Mlimani maana yake ni pantoni, kisha basi la mwendokasi la Kivukoni hadi Ubungo, kisha daladala. Kwenda kunawezekana. Kurudi saa mbili usiku baada ya kikundi cha kujisomea ndiko kunakochosha.

Mchomeleaji Msomi

Mimi ni zao la DIT, nilianzia stashahada nikamalizia shahada palepale. Chuo hicho kilianza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi, na mpaka leo tabia hiyo haijakitoka: karakana si mahali pa kutembelea mara moja kwa muhula, ni sehemu ya wiki yako.

Mama aelewe jambo moja ambalo halimo kwenye vipeperushi. Darasani DIT kijana wa kidato cha sita atakutana na wenzake waliotoka stashahada, yaani watu walioshika koleo, vipimo na mchanganyiko wa zege kwa miaka mitatu kabla yake. Wiki za kwanza watamwacha mbali karakanani. Kwa upande mwingine, yeye atawaacha kwenye Hesabu, kwa sababu B ya Hesabu za juu si jambo dogo. Mtoto mpole mara nyingi hupata marafiki kwa njia hiyo: wewe nisaidie kutafuta jibu la hesabu hii, mimi nikuoneshe namna ya kushika kifaa hiki. Nimeliona likitokea mara nyingi, na mmoja wa marafiki hao ndiye mshirika wangu wa biashara leo.

Na kwa watu wa Kigamboni, ukishuka pantoni unapanda mwendokasi Kivukoni na kuna kituo kinachoitwa DIT. Hakuna daladala ya pili.

Jogoo la Mjini

Tusidanganyane. Jina la chuo linabeba. Mwajiri akiona Mlimani anainua kichwa, akiona vingine anaendelea kupekua. Mama, mpeleke mtoto Mlimani umalize.

Mzee wa Ramani

Ndugu yangu Jogoo, hayo yalikuwa na ukweli zaidi enzi zetu, wahitimu walipokuwa wachache na kila mkurugenzi akimjua mkuu wa kitivo. Leo nafasi za serikali zinapita Sekretarieti ya Ajira, na hatua ya kwanza ni usaili wa kuandika wa mchujo. Anayesahihisha karatasi ile hapimi jina la chuo. Kwa makandarasi nako, ambako nimeajiri vijana kwa mkono wangu, nilikuwa nikiwauliza swali moja tu: katika mafunzo yako ya vitendo ulifanya nini wewe mwenyewe? Wa vyuo vyote walikuwepo walionijibu vizuri na walionitazama tu.

Baba Aliyeungua Mara Moja

Naomba nichangie jambo ambalo kwa vyuo hivi vitatu halina hofu, ila atakayeusoma uzi huu baadaye huenda likamsaidia.

Binti yangu wa pili alijiunga na chuo kimoja binafsi, sitakitaja, kilichokuwa na majengo mazuri na mapokezi ya asali. Chuo kilikuwa halali kabisa. Programu aliyowekwa ndiyo ilikuwa haijapata ithibati, na tulikuja kugundua alipokwama kwenye mkopo wa elimu ya juu. Mwaka mzima ukapotea na ada haikurudi. Tangu siku hiyo ninamwambia kila mzazi: usithibitishe chuo, thibitisha programu. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, tafuta jina la programu neno kwa neno, soma masomo yanayohitajika na idadi ya nafasi. Hata DIT, ambayo kwa asili iko upande wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, programu zake za shahada utazikuta mumo. Kama jina lililo kwenye barua ya udahili halifanani na lililo kwenye mwongozo, uliza kabla ya kulipa hata shilingi.

Karani wa Mikopo Mstaafu

Mama hakugusia mkopo, nami nauona kuwa ndio utakaoamua nusu ya jambo hili. Maombi ya mkopo ni mlango tofauti na maombi ya chuo. Kupata chuo hakumaanishi kupata mkopo, na kiwango hutegemea uhitaji. Kwa kuwa baba ni marehemu, hakikisha cheti cha kifo kimehakikiwa na kimeambatishwa, maana nimeona mayatima wakipangiwa pungufu kwa sababu ya karatasi moja tu.

Fedha ya chakula na malazi, ambayo vijana wanaiita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepata kiwango kamili. Mtoto akikaa nyumbani na kuvuka pantoni, fedha hiyo inaweza kubaki kununua kompyuta ya mkononi, na kwa mhandisi hicho ni kifaa cha lazima. Akipanga chumba mtaani, yote itaishia kwa mwenye nyumba na mama ntilie. Na ajue mapema kwamba mkopo ni deni: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi.

Mama wa Ng'ambo ya Pantoni

Ndugu zangu, nimesoma kila neno. Jumanne niliomba ruhusa kazini, nikamchukua mtoto tukavizunguka vyuo vyote vitatu kwa siku moja, maana Ardhi na Mlimani viko kilima kimoja.

Ardhi tulimkuta mwanafunzi kwenye studio akikata kadibodi ya mfano wa shule, na vipande vidogo vya ngazi amevipanga kwenye kifuniko cha ndoo. Mtoto alitazama kwa heshima, akasema "kazi nzuri kaka", tukaondoka. Nikaanza kumwelewa Mzee wa Ramani. Mlimani tulipita Nkrumah, tukaenda hadi kwenye majengo ya uhandisi, nikapiga picha nne. Yeye hakupiga hata moja. Aliniuliza tu kama nimechoka.

DIT tulimpata mtaalamu wa maabara mwenye moyo mzuri akijiandaa kuvunja michemraba ya zege, ile ya milimita 150 kila upande, iliyokuwa imefikisha siku 28 majini. Aliuweka mmoja katikati ya mabamba mawili ya chuma, mashine ikaanza kuukandamiza, namba za mgandamizo zikawa zinapanda taratibu, kisha pakasikika mlio mkavu na pembeni pakamomonyoka. Kilichobaki kilikuwa kama piramidi mbili zilizogusana ncha. Mwanangu, huyu asiyeuliza maswali mbele za watu, akasema: "Kwa nini umevunjika ubavuni tu, na juu na chini pamebaki pazima?" Yule mtaalamu akaweka chini kalamu yake. Akamweleza kwamba mabamba ya chuma huushika mchemraba juu na chini kwa msuguano, pasiweze kutanuka, na katikati pasipo na wa kupashika ndipo panapofumuka. Wakaongea, ninyi, dakika arobaini. Mimi nilikaa kwenye stuli na viatu nimevivua.

Kwenye pantoni ya kurudi nilimuuliza tena. Safari hii hakusema "popote". Alisema anaogopa kumbi kubwa, na kwamba angependa kurudi kuona michemraba mingine, ya zege lililochanganywa kwa maji mengi, ikivunjika kwa namba ngapi. Jana usiku aliingiza namba ya siri mwenyewe, akathibitisha DIT. Maombi ya mkopo tumeyarudia, cheti cha kifo kimehakikiwa. Picha zangu nne za Mlimani ninazo, na sizifuti.

Mchomeleaji Msomi

Karibu nyumbani, mdogo wangu. Mama, mnunulie ovaroli iliyomzidi kidogo na viatu vigumu vya kufunika vidole kabla ya kufungua chuo, asisubiri kuambiwa. Na hilo swali la maji mengi amuulize yuleyule mtaalamu wiki ya kwanza. Huenda akampa ndoo ajaribu mwenyewe.