Tupeane uzoefu: kuingia na kutoka salama katika matamasha makubwa ya muziki Nairobi

Wanajamvi, salamu. Msimu wa matamasha ya Desemba unakaribia, na wengi wetu tutakuwa Uhuru Gardens, Kasarani au Ngong Racecourse, hivyo naomba kila aliyewahi kuhudhuria aeleze jinsi alivyoingia na alivyotoka. Tukizungumzia usalama huwa tunawaza wezi wa simu, ilhali kinachoua katika mikusanyiko hii ni msongamano. Huko Duisburg, Ujerumani, tarehe 24 Julai 2010, watu 21 walikufa kwenye njia iliyotumika kuingilia na kutokea, na huko Houston, Marekani, tarehe 5 Novemba 2021, wengine 10 wakafariki katika tamasha la Astroworld. Waliobanwa vifua hukosa pumzi wakiwa wamesimama wima, wala si lazima mtu aanguke na kukanyagwa.

Mchangiaji wa Lang'ata

Ahsante kwa kulianzisha hili. Yangu yalitokea getini, jioni, katika tamasha ambalo mabaunsa walikuwa wakikagua mikoba kwenye mlango mmoja tu. Muziki ulipoanza ndani, walio nyuma walidhani sisi wa mbele tunazembea, wakaanza kusukuma, nasi mbele yetu kulikuwa na uzio wa chuma. Mikono yangu ilibanwa ubavuni nikashindwa hata kuifikia simu, na dada aliyekuwa kando yangu alikuwa ameinua kidevu akitafuta hewa. Kilichotuokoa ni mlinzi mmoja wa makamo aliyepanda juu ya uzio akaacha kabisa kutuhangaikia sisi, akawapungia mikono walio nyuma warudi, huku wenzake wakifungua lango la magari. Tangu hapo, nikiona watu wanaanza kugusana mabega pande zote, mimi huondoka kwa mshazari kuelekea pembeni, mikono nikiwa nimeikunja mbele ya kifua ili mapafu yapate nafasi, wala sishindani na wimbi la watu.

Mchangiaji wa Kayole

Mimi ni mfupi wa maneno: kutoka ndiko kugumu. Ama ondoka kabla ya wimbo wa mwisho, ama kaa chini usubiri umati upungue. Nauli ya usiku hupanda, kwa hiyo sisi hupanga matatu mapema na kutembea kwa kundi hadi inapotusubiri.

Mchangiaji wa South B, mtoa huduma ya kwanza wa kujitolea

Wengi tunaowapokea hemani wamezimia kwa kiu na njaa, maana wamesimama juani tangu mchana, na chupa zao za maji zimechukuliwa getini. Ulizeni mapema maji yanapatikana wapi ndani. Kubalianeni pia mahali pa kukutana, kwani umati ukiwa mkubwa mtandao wa simu hulemewa. Nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199, lakini mkiwa uwanjani hema letu liko karibu zaidi kuliko ambulensi yoyote iliyo nje ya lango, kwa hiyo litafuteni mnapoingia.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana. Bado sijasikia kutoka kwa waliohudhuria wakiwa na watoto au wakitumia viti vya magurudumu: je, mlipewa mlango wenu, au mlipitishwa kwenye foleni ileile?